Karatasi Hairudi Koponi

Saa sita na nusu mchana, hakuna mahali penye vurugu mjini kama ukumbi wa chini wa lile jengo refu la ofisi. Wanaokwenda kula wanapishana na waliokwisha kushiba, mlinzi anagombana na mtu aliyesahau kitambulisho, na mbele ya lifti kuna msururu usiojali cheo cha mtu. Siku hiyo ya Mei, katikati ya msururu huo alisimama mwanamke mwenye gauni la bluu la vifungo vyeupe, kitambaa cha rangi ya maziwa kichwani, akisukuma kitoroli chenye keki ya harusi ya ghorofa tatu. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kazi eneo lile. Duka lake la keki lilikuwa ng'ambo ya barabara, na watu wote walimwita Dada Keki.

Lifti ilipofunguka, watu waliitazama keki, wakatazamana, wakarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyeiegemea. Akaingia peke yake, akabonyeza namba tisa. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne lifti ikakohoa, ikasimama.

"Kuna mtu humo?" Sauti ya mwanamume ilitoka juu ya kichwa chake.

"Kuna mtu na keki."

"Mko wangapi?"

"Si nimekwambia? Mtu mmoja na keki moja."

"Mtu ni mzima?"

"Mzima. Keki ndiyo naihofia."

Kicheko kikasikika. "Sawa. Mimi ni fundi, niko juu ya paa la lifti. Nitakupandisha polepole, usiogope."

"Siogopi. Ila harusi inaanza saa saba ghorofa ya tisa, na ukiitikisa hii keki utakwenda kumweleza bi harusi wewe mwenyewe."

"Mimi na bi harusi wa mtu wapi na wapi?"

"Basi usitikise."

Lifti ikaanza kupanda kwa mwendo wa mgonjwa anayejifunza kutembea. Dada Keki alishika kitoroli kwa mikono yote miwili, roho juu juu.

"Dada," sauti ikaita tena, "ya kwako ya harusi ulijipambia mwenyewe?"

"Endesha lifti, Fundi."

Alipotoka ghorofa ya tisa, alimkuta ameshashuka anamngoja: mtu wa miaka arobaini na kitu, ovaroli ya kijivu, mwanya kwenye meno, na macho ya mtu asiye na haraka na lolote. Hakumtazama yeye kwanza. Aliizunguka keki nzima, akainama, akapima kwa jicho kama anavyopima reli za lifti.

"Iko wima," alisema kwa fahari. Ndipo akamtazama mwenyewe. "Una unga begani."

"Na wewe una grisi sikioni."

Tusizunguke mbuyu: Dada Keki alikuwa na miaka thelathini na minane na alitaka mume. Alimtaka waziwazi, bila kujitia hamnazo, na kwa miaka kumi alikuwa amemwomba Mungu kwa kila namna anayoijua. Alifunga. Alikesha. Alipiga magoti jikoni hadi unga ukagandamana magotini. Alipata mchumba mmoja, akahama mji bila kuaga. Mdogo wake aliolewa, kisha mdogo wa mdogo wake, na keki zote mbili alizipamba yeye, akitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alikuwa mtu wa maombi ya mchana, yale ya kila Jumatano ghorofa ya saba ya jengo lile lile. Wana utaratibu wao pale. Januari kila mtu huandika ombi lake kubwa kwenye kipande cha karatasi, bila jina, na kukitumbukiza kwenye kopo la biskuti. Kopo hilo lina mwenyewe, muuguzi mstaafu mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na kwa sababu hiyo anaitwa Mama Kopo. Analitikisa, kila mmoja anachota karatasi ya mwenzake, na kwa mwaka mzima anamwombea mtu asiyemjua. Desemba, siku ya shukrani, ndipo wanapoonyeshana. Sheria za Mama Kopo ni mbili tu: usimwambie mtu kabla ya Desemba, na karatasi ikishachotwa hairudi koponi.

Januari ya mwaka huo Dada Keki aliandika: *Naomba mume mwema. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kama jibu ni hapana, niambie tu nipumzike.* Alichota karatasi ya mtu mwingine, akaitia mfukoni bila kuifungua, akashuka kwa ngazi na hakurudi tena. Si kwamba aliacha kuamini kuwa Mungu yupo. Aliamini yupo, amekaa upande wa pili wa mlango, anamsikia anabisha, na haitiki. Hilo ndilo lililomuuma.

Kesho yake baada ya mkasa wa lifti, Fundi alitokea dukani, uso umesuguliwa ukang'aa, sikio safi.

"Nimekuja kuulizia hali ya keki," alisema.

"Imeliwa."

"Masikini. Hata sikuaga." Akatazama kabati la kioo. "Basi nipe ndogo ya limau, niomboleze nayo."

Akawa anaomboleza kila siku. Dada wa kaunta, msichana mwenye ulimi usio na breki, alianza kumwekea keki ya limau pembeni na kumwita shemeji hata kabla shemeji mwenyewe hajasema neno. Ikatoka keki, ikaja chai. Ikatoka chai, zikaja simu za mchana kutoka vyumba vya mitambo juu ya mapaa ya mji.

"Unasikia huo mvumo?" Fundi alikuwa akimuuliza. "Huyo ni mkurugenzi anapanda. Ana kilo mia na kumi, mota inalalamika."

"Na mimi nikipanda mota inasemaje?"

"Mota haisemi kitu, kipenzi. Inaimba."

"Muongo wewe!"

"Muongo mwenye leseni."

Siku moja wakiwa wamekaa kwenye benchi nyuma ya duka, alimweleza habari za mkewe. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, baada ya kuugua muda mrefu.

"Niliomba apone," Fundi alisema, akigeuzageuza kikombe. "Hakupona. Nikamkasirikia Mungu miaka miwili mizima. Sikumwambia mtu, niliendelea kukaza nati tu. Halafu nikachoka kukasirika. Nikarudi kwake sina hata cha kuomba."

"Na sasa?"

"Sasa naongea naye asubuhi, kabla sijafungua kisanduku cha vifaa. Kuhusu watu wengine, zaidi." Akanyamaza ghafla kama mtu aliyekaribia kukanyaga kitu.

Dada Keki hakulitilia maanani lile. Alikuwa akitazama mikono ya Fundi, mikubwa, yenye makovu madogo, na alijua kabisa kwamba ameshapenda. Hata kumshukuru Mungu hakuthubutu, asije Mungu akakumbuka kuwa yeye yupo na kumnyang'anya.

Mama yake alipiga simu kutoka nyumbani. "Mwanangu, una mtu."

"Mama! Nani kakwambia?"

"Nakusikia unavyosema halo. Hiyo halo si ya bure, hiyo ina mtu."

Ilifika Septemba. Mashine kubwa ya kukorogea unga ikagoma asubuhi yenye oda nne, na Fundi akaja mbio, akalala chali chini yake, miguu nje.

"Nipe bisibisi, ile ya nyota," alisema akiwa chini. "Kwenye kisanduku, ukinyanyua trei ya juu."

Dada Keki alifungua kisanduku cha vifaa. Ndani ya mfuniko, kikiwa kimebandikwa kwa gundi ya karatasi na kufunikwa nailoni ili grisi isiingie, palikuwa na kipande cha karatasi. Aliujua ule mwandiko kabla hajasoma neno. Mji mzima ulikuwa unakula mwandiko ule juu ya keki kila Jumamosi, zile herufi zenye mikia inayojikunja mwishoni.

*Naomba mume mwema. Huu ni mwaka wa kumi na moja.*

"Umeiona?" Fundi aliuliza kutoka chini.

"Nimeiona."

Kitu katika sauti ile kilimfanya ajivute atoke. Alipoona mfuniko umesimama wazi, akakaa sakafuni pale pale.

"Umeitoa wapi hii?"

"Koponi. Nilihudhuria Januari ile moja, kisha kampuni ikanipeleka majengo ya upande wa pili wa mji hadi Mei."

"Unajua ni ya nani?"

Angeweza kudanganya. Mtu mwingine angedanganya. "Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Dada Keki, nisikilize kwanza..."

"Kumbe." Alicheka kicheko kibaya ambacho hata yeye hakukipenda. "Kumbe mimi ni kazi ya sadaka. Umesoma kuna mwanamke huko anahangaika, ukaona umfanyie Mungu wepesi. Keki ya limau kila siku! Mota inaimba! Ulikuwa unatimiza zamu yako ya huruma?"

"Si hivyo hata kidogo."

"Toka, Fundi."

"Mashine bado haija..."

"Nitakoroga kwa mkono. Toka!"

Akakusanya vifaa vyake, akatoka. Dada wa kaunta akairudisha kabatini keki ya limau aliyokuwa amemwekea. Dada Keki alikoroga unga wa keki nne kwa mkono, akilia kwa hasira na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa nyingi. Siri ambayo hakuwahi kumwambia hata mama yake, mwanamume aliyempenda alikuwa akitembea nayo mji mzima pamoja na bisibisi na spana.

Simu zikaanza. Fundi alipiga asubuhi, alipiga mchana, alituma ujumbe: *Nipe dakika tano.* Siku nyingine: *Basi mbili.* Dada Keki aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza ya unga hadi inyamaze, kisha akaendelea kupamba. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kwa Mungu alikuwa na neno moja tu, na hata hilo hakulisema kwa sauti: miaka kumi na mmoja nangoja, na ndicho ulichonipa, mtu wa kunihurumia?

Wiki ya nne alikuwa akitafuta mdomo mdogo wa bomba la kupambia, ule wa kuchora majani, kwenye droo ambayo hutumbukiza kila kisichokuwa na mahali. Vidole vikagusa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilimchukua muda kukumbuka. Ni ile aliyoichota Januari, aliyoihamisha kutoka mfukoni siku ya kufua aproni na kuisahau.

Akaifungua. Mwandiko wa mtu mzima, unaotetemeka:

*Mwanangu haongei nami, mwaka wa nne sasa. Nampigia hapokei. Naomba apokee hata mara moja tu.*

Dada Keki alivuta kiti akakaa. Miezi tisa. Kwa miezi tisa mzazi huyu alikuwa akiamka akiamini kuna mtu mahali fulani anamwombea, na mtu mwenyewe alikuwa ndiye yeye, ametupa ombi lake kwenye droo pamoja na kamba na mishumaa iliyobaki. Alikuwa amemlalamikia Mungu kwa kunyamaza. Na yeye je? Alijiona mdogo, na alistahili.

Alipiga magoti hapo hapo kati ya magunia ya unga. Maneno hayakuja vizuri, yalikuwa yameshika kutu. Alimwombea mzazi yule na yule mtoto wake, apokee simu, hata mara moja. Alipofika hapo simu yake ikaanza kutetemeka mezani, na alijua ni nani, na hakupata nguvu ya kuinuka. Ikanyamaza. Akalia sana.

Jumatano akapanda ghorofa ya saba. Mama Kopo alikuwa akipanga viti.

"Umepotea kama uliyekopa," alisema, akamkumbatia hadi mbavu zikalalamika. "Kaa. Sema."

Akasema yote: karatasi ya droo, karatasi ya kisanduku, mashine, kumfukuza. Mama Kopo alisikiliza huku mdomo ukimchezacheza, na mwishowe akaficha uso kwenye leso. Dada Keki alidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu. Huyo fundi wa lifti alikuja hapa Juni, amevua kofia kama mtu wa msibani. Akasema, 'Mama, naomba unibadilishie karatasi.' Nikamuuliza kwa nini. Akasema tangu Mei kuna dada anampenda, anauza keki, na jana kamwona akiandika juu ya keki, akaujua mwandiko. 'Sasa kila asubuhi nikiomba huyu dada apewe mume,' kasema, 'nikifika kwenye neno mume naona sura yangu. Sioni kama ni haki. Ni kama refa anayejipigia penalti.'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa maneno hayo hayo. Akaniuliza kama anaweza angalau kukwambia. Mimi, mjinga na sheria zangu, nikamwambia karatasi hairudi koponi, na ni siri hadi Desemba. Akasema sawa Mama, akaondoka na adabu zake."

Dada Keki alitazama nje ya dirisha. Tangu Mei. Juni ndipo alipojua. Alianza kuhesabu kwa namna nyingine: Januari, Februari, Machi, Aprili, wakati ule aliokuwa ameufunga mdomo wake na kuamua kwamba hakuna anayesikia, kulikuwa na mtu upande wa pili wa mji, hamjui, hajamwona, akilisema ombi lake kila asubuhi kabla ya kufungua kisanduku cha vifaa. Kila asubuhi.

"Mama, kwa nini miaka kumi na mmoja lakini?"

"Sijui," Mama Kopo alisema. "Nisikudanganye, sijui. Nimekaa na wagonjwa miaka thelathini na hilo swali sijalipatia jibu. Ninachojua ni kwamba hukuachwa. Hebu mpigie mwanaume wa watu kabla hajadondoka kwenye lifti."

Alipiga kutoka ngazini. Iliita mara moja.

"Halo!" Nyuma yake mota zilikuwa zikivuma.

"Fundi."

"Subiri, usikate, usikate, ngoja nizime..." Kishindo, kitu cha chuma kikaanguka, kisha kimya. "Niko hapa."

"Umeangusha nini?"

"Sijui. Haijalishi."

"Nimeongea na Mama Kopo."

"Ah." Akashusha pumzi. "Kakwambia yale ya refa?"

"Kaniambia. Kwa nini hukuniambia mwenyewe siku ile?"

"Ulinipa nafasi wapi? Ulikuwa umeshika bisibisi."

Dada Keki akacheka. Baada ya wiki nne kicheko kilimtoka chote kwa pamoja, hadi mtu aliyekuwa akipanda ngazi akampisha kwa woga. "Nilikukosea, mpenzi wangu," alisema. "Njoo saa kumi."

Saa kumi kasorobo alikuwa mlangoni. Shati jeupe lenye mistari ya pasi, viatu vimepigwa rangi, hana kisanduku. Dada wa kaunta alimpisha njia, akageuza kibao cha mlango kionyeshe duka limefungwa, kisha akajisahau kuondoka.

Dada Keki alikuwa nyuma ya meza kubwa, amevaa gauni la njano aliloshona kwa sikukuu isiyojulikana na kulitunza miaka miwili. Walitazamana.

"Umekonda," alisema Dada Keki.

"Sijala keki ya limau siku ishirini na nane."

"Umehesabu?"

"Sikuwa na kazi nyingine ya maana."

Alimkaribia, akamshika mikono ile mikubwa. "Fundi, nataka kitu. Ile sala uliyokuwa ukiisema asubuhi. Nataka niisikie."

"Hapa?"

"Hapa. Kama unavyoisema siku zote."

"Ni fupi tu. Mimi si mhubiri."

"Iseme hivyo hivyo fupi."

Fundi akafumba macho, akainamisha kichwa. Dada wa kaunta naye akainama kwenye kaunta yake.

"Mungu wangu, habari za asubuhi," alianza, akasita. "Yaani, za jioni. Ni mimi tena, na ni yule dada tena. Januari nilikuwa simjui, nikakwambia amechoka kungoja, usimwache. Mpe mume mwema, asiyekunywa, anayecheka, atakayemwona alivyo. Ndivyo nilivyokuwa nasema. Tangu Juni niliishia hapo, maana niliogopa kuendelea." Mikono ikashika zaidi. "Leo naendelea. Nampenda, Mungu, si kwa huruma, na wewe unajua. Kama yeye ataona inafaa, basi huyo mume niwe m..."

"Amina," alisema Dada Keki.

Fundi alifumbua jicho moja. "Sijamaliza."

"Malizia ukitaka. Mimi nimeshaitikia."